Unayemjua Mpange, Usiyemjua Mwachie Kofia

Ndugu mwenyekiti, kaka zangu na dada zangu waandaaji, na nyinyi wachezaji mliojibanza kule nyuma karibu na soketi za kuchajia: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wengine wote, habari za mchana.

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie namna ya kupanga wachezaji kwenye mashindano ya gemu mtandaoni. Nani aanze na nani, nani akutane na nani mwishoni. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mengine yote ninayoyajua niliyatafuta baada ya kosa hilo.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa ya eFootball, ile gemu ya mpira wa miguu, ya kwenye simu. Wachezaji 32, kiingilio shilingi 5,000 kwa kichwa, jumla 160,000. Bingwa 100,000, wa pili 40,000, na 20,000 iliyobaki ikawa ya bando na soda za waamuzi. Mtoano mtupu, ukifungwa umelala. Nikaandika majina kwenye vikaratasi, nikavikunja, nikavitia kwenye kofia ya mdogo wangu, nikapiga simu ya video kwenye grupu la WhatsApp na kuanza kuvuta mbele za watu. Nikajiona mtu wa haki kweli kweli. Nani atalalamika, na kofia kaiona kwa macho yake?

Karatasi ya tisa ikatoa fundi simu mmoja wa Tandika. Ya kumi ikatoa mwanafunzi mmoja wa chuo. Grupu likalipuka. Hao ndio vijana wawili ambao kila mtu alikuwa anawasubiri fainali, na sasa wanakutana raundi ya kwanza. Wakacheza Jumatano saa tatu usiku, nusu ya grupu wakajaa kutazama. Mwanafunzi akashinda 4–3, goli la mwisho dakika ya 89. Baada ya hapo mashindano yakapoa kabisa. Fainali yenyewe mwanafunzi alimpiga mwenzake 6–0 mbele ya watazamaji kumi na mmoja, na wawili kati ya hao ni mimi na mwenye kofia.

Kesho yake fundi akaja dukani kwangu. Hakuja na ugomvi. Akalaza simu yake kwenye kaunta, akasema: "Kaka, mimi bingwa kanifunga kwa goli moja. Mwenzangu kafungwa sita. Arobaini elfu imeenda kwa nani?" Nikamjibu lile jibu letu sote, kwamba ndiyo droo hiyo, bahati haina mwenyewe. Akachukua simu yake akaondoka. Jibu langu lilinikaa kooni wiki nzima.

Miezi kadhaa baadaye nikakuta kwamba malalamiko ya fundi yana umri mkubwa kuliko wa babu yangu. Mwaka 1883 kule Uingereza, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford, aliandika kijitabu kuhusu mashindano ya tenisi. Kilichomfanya ashike kalamu ni mchezaji aliyefungwa mapema, kisha akakaa pembeni kumtazama mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wake akichukua zawadi ya pili. Fundi wangu yule yule, ila huyu wa Dodgson alikuwa na raketi.

Hesabu yake mnaweza kuipiga hapa hapa. Chukua wachezaji 32, mchukulie kwamba kila mechi mwenye uwezo zaidi anashinda. Mweke aliye bora kuliko wote kwenye nafasi yoyote. Zimebaki nafasi 31. Kati ya hizo, 15 ziko upande wake wa ratiba na 16 ziko upande wa pili. Wa pili kwa ubora akiangukia moja ya zile 15, basi atakutana na bora kabla ya fainali na atatoka. Ni 15 kwa 31, karibu nusu. Maana yake kila ninapotikisa kofia ninarusha shilingi juu ya zawadi ya pili. Kofia haimpendelei mtu, nakubali. Ila pesa ya mshindi wa pili inaitoa kama bahati nasibu, na mimi sikutangaza bahati nasibu.

Sasa, dawa iliyopo ni ile ya tenisi. Wenye Kiingereza chao huiita kwa neno la shambani, la kupanda mbegu. Sisi kwenye grupu tunasema tu kupewa namba. Unawatambua walio bora kabla ya mashindano, unawatawanya kwenye ratiba ili wasikutane mapema. Kwenye ratiba ya watu wanane, namba 1 anaanza na namba 8, namba 4 na namba 5, hao ni upande mmoja. Upande wa pili namba 2 na namba 7, namba 3 na namba 6. Mambo yakienda kama yalivyoandikwa, wanne wa juu ndio nusu fainali, na fainali ni 1 na 2.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kunong'ona kwamba huko ni kuwabeba mastaa. Dada mmoja aliniambia hivyo hivyo kwenye simu, na nilimwambia ana haki ya kuuliza. Ukipanga namba 1 mpaka 32, yule wa 32 analipa 5,000 yake sawa na wengine, halafu usiku wa kwanza anapelekwa kwa namba 1. Dakika kumi, kwaheri. Hilo ni zito na sitalipamba. Ninachosema ni kwamba namba isiwe zawadi ya sura wala ya urafiki. Iwe kitu ambacho yeyote anaweza kukipata kwa kucheza, na njia ya kukipata ijulikane tangu mwanzo. Mbona kwenye mpira tunaelewa? AFCON ile ya Ivory Coast, Taifa Stars waliwekwa kundi F pamoja na Morocco, Kongo na Zambia, na sikusikia mtu kijiweni akidai tungetolewa chungu kimoja, yaani fungu moja la droo, na Morocco. Watu walijua vyungu vinapangwa kwa matokeo.

Basi mashindano ya pili nikajifanya mjuzi. Nikawapanga wote 32, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kufuata divisheni na pointi wanazoonyeshwa ndani ya gemu. Kila mtu alinitumia picha ya skrini. Orodha ilipendeza, nikaichapa hata kwa rangi.

Ikafa usiku wa kwanza. Niliyempa namba 31 alikuwa dada mmoja mwenye akaunti ya wiki mbili. Simu yake ya zamani iliibiwa kwenye daladala, na akaunti yake ya zamani hakuweza kuirudisha. Akamfunga namba 2 magoli matatu kwa moja. Namba 2 akaja juu, akadai nimemtegea. Nikakagua, kumbe namba 2 mwenyewe akaunti si yake, kaazima kwa binamu yake. Na namba 6 kikosi chake kizito kilikuwa cha kununua kwa koini, mikono haimo. Ule mpangilio wangu wa rangi ulikuwa unapima nani ana bando la kucheza usiku kucha, nani ana fedha ya koini na nani ana binamu.

Hapo nikaelewa kitu cha kwanza: pointi za ndani ya gemu ni ushahidi wa mchezo mwingine. Hata Wimbledon, yale mashindano ya tenisi ya Uingereza yanayochezwa kwenye nyasi, walilijua hilo. Kuanzia 2002, kwa wanaume walikuwa wakiongeza uzito wa matokeo ya kwenye nyasi wanapotoa namba zao, kwa sababu bingwa wa udongo anaweza kuteleza kwenye majani. Utaratibu huo waliuacha 2021, lakini swali lenyewe bado ni zuri. Ukiandaa mashindano ya simu, usimpe mtu namba kwa sifa za pedi ya pleistesheni. Kidole kwenye kioo ni kitu kingine.

Kitu cha pili ni kwamba nilijifanya najua nisichokijua. Kati ya wale 32, wangapi nilikuwa nawajua kweli? Wanne. Labda watano. Kutofautisha namba 19 na namba 23 ilikuwa ni kubahatisha kulikovaa suti. Waandaaji wa chesi mtandaoni wametushinda hapa. Tovuti ya Lichess, mchezaji mgeni anaanzia kiwango cha pointi 1,500, na pembeni ya kiwango chake kuna alama ya kuuliza. Ile alama inabaki mpaka acheze mechi za kutosha na mfumo uwe na uhakika naye. Nyuma yake kuna hesabu za Mmarekani Mark Glickman, ambazo humpa kila mchezaji vitu viwili: kiwango chake, na kiasi cha shaka juu ya kiwango hicho. Laiti ningekuwa na alama ya kuuliza ya kumwekea yule dada. Ningeziweka ishirini na nane.

Kitu cha tatu ndicho kinachonitisha zaidi. Tazameni ratiba ya watu 16 iliyopangwa yote kwa namba. Wa 8 anacheza na wa 9, na atakayeshinda anakwenda kwa namba 1. Wa 10 anacheza na wa 7, atakayeshinda anakwenda kwa namba 2. Sasa kama namba 1 ni moto wa kuotea mbali, kuna faida gani kuwa wa 9? Bora ufungwe mechi moja ushuke uwe wa 10. Mara unamwona kijana mwenye akili zake anajifunga mwenyewe.

Msidhani natunga. Michezo ya Olimpiki ya London 2012, mpira wa vinyoya, yaani badminton, jozi nne za wanawake zilitolewa mashindanoni: moja ya China, mbili za Korea Kusini, moja ya Indonesia. Walikuwa wanapiga vinyoya kwenye wavu makusudi, ukumbi mzima unawazomea, kwa sababu kila mmoja alitaka kushindwa ili apate njia nyepesi raundi inayofuata. Wachezaji wanane wa kiwango cha dunia wakaishia hapo. Kosa lao lipo, ila aliyechora ratiba ile naye alikuwa na lake, maana aliwaonyesha kabla ya mechi kwamba kushindwa kuna malipo. Baadaye shirikisho lao likaweka droo ya pili kwa wanaomaliza nafasi ya pili kwenye makundi, ili mtu asijue anakimbilia wapi.

Basi msimamo wangu, na mnaweza kunibishia wakati wa maswali, ni huu. Mpe namba yule unayemjua kwa ushahidi wa mashindano kama haya haya. Wengine wote waende kwenye kofia. Unawajua wanne, panga wanne. Unawajua wawili, panga wawili. Humjui yeyote, usipange mtu, tafuta aina nyingine ya mashindano, nami nitaifikia.

Na hata hao unaowajua usiwagandishe wote. Tenisi wanafanya hivi: namba 1 juu kabisa ya ratiba, namba 2 chini kabisa. Namba 3 na 4 wanapigiwa kura ya bahati nani akae upande wa nani. Wa 5 hadi wa 8 vivyo hivyo, kwa kura. Wimbledon wana wachezaji 128, wenye namba ni 32, wale 96 wote ni kofia tupu. Kwa hiyo ukiwa wa 4 huna sababu ya kujishusha au kujipandisha uwe wa 3, maana hujui utatupwa wapi. Na kwa wanaoamini kwamba namba inamziba njia mtu mdogo: mwaka 2001, ule ule walioongeza wenye namba kutoka 16 hadi 32, bingwa wa wanaume alikuwa Goran Ivanišević, hana namba, wa 125 duniani, kaingia kwa nafasi ya kualikwa.

Kwa watu wetu 32 wenye namba nne, mambo yanakuwa hivi. Wawili bora hawawezi kukutana kabla ya fainali, fundi wangu amepata dawa yake. Asiye na namba ana nafasi 4 kati ya 28 za kumwangukia mwenye namba raundi ya kwanza, moja kwa saba. Si uhakika wa kuchinjwa kama yule wa 32. Nami nikikosea kumjua dada wa akaunti mpya, kosa langu halimpeleki moja kwa moja kwenye mdomo wa mtu. Kofia inakosea bila chuki.

Mtauliza ushahidi nautoa wapi. Nautoa kwenye daftari. Lile la kawaida la mauzo, nusu ya nyuma. Kila mchezaji wa grupu letu alianza na pointi 1,500, na kila mechi ya mashindano yetu inaandikwa. Hesabu ni za Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani. Wachezaji wa chesi wa Marekani walizichukua 1960, na shirikisho la dunia 1970. Wakikutana wawili waliolingana, mshindi anaongeza 16 na aliyefungwa anapungua 16. Wakiwa wamepishana 200, mkubwa anatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya pointi, kwa hiyo akishinda anapata 8 tu, lakini mdogo akimpindua anapata 24. Vijana wenye kompyuta wanifanyie kwenye jedwali, mimi kikokotoo cha simu kinanitosha. Muhimu ni kwamba ukurasa huo uko kwenye kaunta, mtu akija kununua vocha anaweza kuufungua na kuona kwa nini yeye ni wa tano na jirani yake ni wa nne. Wakati mwingine wananikosoa hesabu. Wiki mbili zilizopita mtoto wa darasa la sita alinikamata na kosa la pointi 8.

Nimeahidi aina nyingine ya mashindano. Ukiwa hujui mtu, tumia mtindo wa Uswisi, uliochezwa kwanza Zürich mwaka 1895 kwenye chesi. Hakuna anayetoka. Raundi ya kwanza kura. Raundi ya pili walioshinda wanacheza wao kwa wao, waliofungwa wao kwa wao, na kuendelea hivyo, mwenye pointi mbili na mwenzake mwenye mbili, bila watu kurudiana. Kwa watu 32 raundi tano zinatosha kubakiza mmoja asiyefungwa, raundi zile zile tano za mtoano. Wakifungana pointi hapo chini, jumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja, aliyepita njia ngumu anatangulia. Kwa haki, huu ndio ninaoupenda. Kwa bando, una njaa: mtoano wa watu 32 ni mechi 31, Uswisi ni mechi 80. Na kila mechi ni nafasi ya umeme kukatika, gemu kuganda, mtu kusema alikuwa msibani. Mimi huufanya mara moja kwa mwaka, mwezi wa shule kufungwa, na matokeo yake ndiyo yanayojaza daftari.

Yapo madogo madogo ya mtandaoni ambayo tenisi haiyajui. Wanaotumia Wi-Fi moja ya kijiwe kimoja, watenganishe raundi ya kwanza. Mtandao wao utabanana, na wakipeana magoli kila mtu atasema walipanga. UEFA nao kwenye hatua ya ligi ya mashindano ya klabu za Ulaya kwa kawaida hawakutanishi timu za nchi moja. Wakitimia 27 badala ya 32, zile nafasi tano za kupita bila kucheza wape wenye namba kwanza, zinazobaki zipigiwe kura hadharani, usimpe shemeji yako. Orodha ifungwe kabla ya droo, na mwenye namba akijitoa baada ya droo, aingie wa akiba pale pale palipoachwa. Usichane ratiba ukaanza upya, maana wapo watakaokuwa wameshaipenda. Saa za mechi nazo ni sehemu ya haki: tuna kijana Muscat, yuko mbele yetu kwa saa moja, hana shida. Tuna mwingine Toronto, mechi yetu ya saa tatu usiku inamkuta mchana kazini. Yule tulimwomba achague saa zake kabla ya kura, mpinzani wake akajua mapema.

Na mwandaaji asicheze. Ukicheza, hata ukiwa malaika, namba yako haiaminiki.

Ndugu mwenyekiti, naona unatazama saa. Jumamosi tuna mashindano ya watu 32 na niliomba tufanye droo hapa hapa. Wenye namba ni wanne, majina yao yako ubaoni na kurasa za daftari zimebandikwa pale ukutani tangu asubuhi. Namba 1 na 2 wameshakaa kwenye ncha zao. Fundi wetu safari hii ni namba 3, na yuko hapa, yule mwenye fulana ya bluu, naye hajui ataangukia upande wa bingwa au upande wa pili.

Kofia ni ile ile. Mama, wewe unayeuza maji pale mlangoni, unacheza eFootball? Huchezi. Njoo basi utusaidie, anza na hivi vikaratasi viwili.